Mwanangu yuko Gredi ya 6 na hajui kusoma. Je, korona ndiyo ilimharibu?

Swali

"Habari daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Mathare. Korona ilipoingia 2020 kijana wangu alikuwa Gredi ya 1 na msichana alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa mama fua, nina wateja watatu wa kudumu Pangani na Eastleigh. Wote watatu waliniambia nisirudi, wiki moja. Mume wangu alikuwa mtu wa mjengo, naye akakaa. Tukatoka nyumba ya mawe Huruma tukaingia ya mabati. Barabara zilipofunguliwa Julai nikampeleka kijana kwa mamangu Kakamega kwa sababu kule kulikuwa na chakula. Nauli ya kumrudisha niliipata Mei 2021, nikakuta shule yake imefungwa kabisa, lile jengo limekuwa stoo ya chupa. Nikamwingiza shule ya serikali.

Sasa yuko Gredi ya 6. Mwalimu ameniita akaniambia akinakili ubaoni anaandika vizuri, lakini hawezi kusoma sentensi. Baba yake anasema ni kichwa ngumu, anamchapa. Kitu kingine, anaficha chakula. Nimepata chapati kwenye begi la shule imeshika ukungu, nyingine chini ya godoro. Jioni tukianza kuongea mambo ya kodi ya nyumba anasema tumbo linamuuma. Mwaka jana aliposikia habari ya mpox kwa redio aliniuliza kama shule zitafungwa tena, na usiku huo hakulala. Jirani ananiambia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, eti nilimtupa ushago. Je, niliharibu mtoto? Arudie darasa? Ama nimrudishe kwa nyanya yake?"

Jibu

Dada yangu, kabla ya kukujibu nilichukua kalamu nikahesabu wiki.

Kijana wako aliingia Gredi ya 1 Januari 2020. Machi 13 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na Machi 15 Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule. Mwanao alikuwa amesoma kama wiki kumi. Oktoba 12 waliorudi walikuwa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 peke yao. Wadogo walingoja hadi Januari 4, 2021. Wako alirudi Mei, akaingia kwenye muhula wa mwisho wa Gredi ya 1, nao ulikuwa wa wiki kumi hivi. Julai 26 akasukumwa Gredi ya 2. Wizara ilikuwa inaikimbiza kalenda: mihula mifupi, likizo za siku chache, mwaka mmoja wa masomo unaisha Machi na mwingine unaanza Aprili. Kalenda iliponyooka Januari 2023, kijana alikuwa Gredi ya 4.

Yaani Gredi ya 1 yake yote ilikuwa kama wiki ishirini, na katikati yake kuna pengo la zaidi ya mwaka mzima. Na Gredi ya 1 ndiko mtoto anakofundishwa kusoma. Akifika Gredi ya 4 hakuna anayemfundisha kusoma tena. Mwalimu anachukulia kwamba tayari unajua. Huyo kijana alishushwa kwenye matatu katikati ya safari, sasa anachapwa kwa nini hajafika.

Watu bado wananiambia korona haikugusa watoto. Ukitazama wodi za hospitali, ni kweli kwamba watoto wengi walioambukizwa waliugua kidogo au hawakuugua kabisa. Lakini mlipuko wa ugonjwa hauingii nyumbani kwa njia ya pua tu. Kwenu uliingia kwa njia ya mfuko, na njia hiyo hakuna aliyeivalia barakoa.

Mwenye mshahara wa mwezi akisimamishwa kazi ana siku kadhaa za kupiga hesabu. Mtu wa kibarua hana hata moja. Ukiishi kwa kadogo, mafuta ya kupimiwa, unga wa nusu kilo, maji ya mtungi, basi siku ambayo mama fua hakuitwa ni chakula cha jioni hiyohiyo kinachopungua, wala hakuna gunia la kurudia. Kafyu ilipoanza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, iliua zile saa mbili tatu ambazo muuza mboga, muuza samaki na mama chapati hupata pesa zao, watu wakitoka kazini. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Mwezi huohuo serikali ikashusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na ikawaondolea kodi ya mapato wanaolipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Nafuu nzuri, kwa mwenye payslip. Wewe ungeondolewa kodi ya mshahara gani?

Baada ya hapo kila nyumba hushuka ngazi, na ngazi yenyewe haitofautiani sana kutoka Korogocho hadi Kawangware. Maziwa yanaondoka kwanza. Kisha chakula cha mchana. Kisha jina linaingia kwenye daftari la deni la dukani, hadi siku mwenye duka anapolifunga. TV inauzwa. Nyumba ya mawe inakuwa ya mabati. Mwisho kabisa, baada ya vitu kuisha, ndipo watu hugusa watoto: shule inaachwa, au mtoto anapelekwa penye mahindi. Angalia ulichofanya. Uliuza usingizi wako na nyumba yako kabla ya kumgusa yeye, na ulipomgusa ulimpeleka kwa mtu wake wa damu, mahali penye shamba. Mtu aliyetupa mtoto hahesabu nauli ya kumrudisha. Jirani yako ana methali, lakini methali hiyo haisemi mtoto alelewe na nini wakati sufuria ni tupu. Gharama ilikuwepo, sitakuficha, na ndiyo hii unayoiona sasa. Ila gharama na kosa ni vitu viwili.

Sasa kusoma. Kuongea mtoto anajifunza kwa kukaa na watu. Hakuna aliyemfundisha wako kusema "nipe maji". Kusoma hakuji hivyo. Lazima mtu amwonyeshe kwamba kijimchoro hiki kina sauti hii, mara nyingi, hadi macho yakikiona mdomo unakitaja bila kufikiri. Ndiyo maana masomo ya redio na televisheni yaliyotangazwa mwaka ule hayangemwokoa. Mtoto wa Darasa la 8 anaweza kusikiliza historia. Wa Gredi ya 1 anahitaji kuona herufi, na mtu wa kumkamata akikosea. Redio haioni mtoto amekosea.

Kunakili ubaoni ni kuchora. Watoto wa aina hii huwa wachoraji hodari sana, na pia majasusi: wanakariri hadithi kwa kumsikiliza jirani, wanajifanya wamesahau kitabu, wanaomba kwenda msalani zamu yao ikikaribia. Miaka minne ya kuficha jambo kama hilo darasani haiwezekani bila akili. Mwambie baba yake hivyo.

Kuna mvulana mmoja niliyekaa naye Korogocho, miaka 11. Nilimwandikia "ba", akasoma. "Ta", akasoma. "Baba", akasoma haraka na tabasamu. Nikaandika "bata". Akaangalia karatasi, akaangalia uso wangu, akasema "baba". Nikaandika "bati". "Baba." Alikuwa anaona herufi ya kwanza kisha anabahatisha kwa kuusoma uso wangu. Silabi alizijua. Kuziunganisha ndiko hakuwahi kufundishwa, kwa sababu shule zilifungwa wiki ambayo wangeanza. Kwa hiyo hatukuanza na a, e, i, o, u. Tulianzia "bata".

Fanya hivyo kesho jioni, mkiwa wawili tu. Chukua karatasi. Andika herufi kumi, umwulize sauti zake. Kisha silabi: ke, mi, to, lu, sa. Kisha maneno mafupi asiyoyaona kila siku, kama "jino" na "kamba", halafu yale yenye konsonanti zilizobanana: "mbwa", "nyanya", "ng'ombe", "chakula". Mwisho sentensi moja ya maisha yake. Usimsahihishe, usivute pumzi, usitikise kichwa. Unatafuta mahali daraja lilipokatika, basi. Palipokatika ndipo pa kuanzia, hata kama panaitwa Gredi ya 1.

Anzeni na Kiswahili, hata kama mitihani mingi ni ya Kiingereza. Katika Kiswahili "a" ni "a" popote utakapoikuta; ukishajua silabi unaweza kusoma neno ambalo hujawahi kulisikia. Kiingereza kinabadilisha sauti kama kinyonga, na mtoto aliyekwishajeruhiwa na kusoma hafai kuanzia huko. Akishapata mwendo wa kuunganisha, Kiingereza kitapanda juu yake.

Dakika ishirini, kila siku, kabla token ya stima haijaisha. Sisemi saa moja, maana najua unarudi umechoka na maji hayajachotwa. Ishirini za kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili. Na vitabu unavyo: dada yake sasa yuko kwenye umri wa Gredi ya 1, na mwalimu akiombwa vizuri anaweza kuazima kitabu cha kusoma cha darasa hilo kwa usiku mmoja. Mpe kijana cheo. Yeye ndiye mwalimu wa dada yake. Anasoma kitabu kwanza na wewe, kimyakimya, kisha anamsomea mdogo wake. Hivyo anashika kitabu cha watoto wa miaka sita bila aibu, na msichana naye anapata mwalimu. Sharti ni moja: msichana asijue siri.

Mbinu hii ya kumfundisha mtoto pale alipofika badala ya pale umri unaposema si yangu. Shirika la Pratham la India ndilo lililoisambaza, kwa kuwapanga watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa. Hapa kwetu shirika la Usawa Agenda hupima watoto kwa mtindo unaofanana na huo, herufi, neno, aya, hadithi. Ninachoweza kukuambia kutoka mezani kwangu ni kwamba mtoto wa miaka 11 au 12 asiye na tatizo lingine huenda kasi kuliko wa miaka sita, kwa sababu lugha tayari anayo kichwani. Wengi nimewaona wakisoma aya fupi ndani ya muhula mmoja. Wengine walichukua mwaka.

Tuisheni? Ukimlipa mtu amfundishe kazi ya Gredi ya 6, umetupa pesa. Ukimpata kijana wa mtaa aliyemaliza Kidato cha 4, mwenye subira, akubali kumfundisha silabi kwa nusu saa, hiyo ni pesa ya kulipa. Zungumza pia na mwalimu aliyekuita. Wengine hawaiti mzazi kabisa, kwa hiyo huyu ni wa kushika mkono. Mwombe asimsimamishe kusoma mbele ya darasa kwa sasa.

Kurudia darasa sikushauri. Kwanza, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule kumzuia mwanafunzi asipande darasa, kwa hiyo wakikushinikiza jua una mguu wa kusimamia. Lakini hata bila sheria, fikiria: Gredi ya 5 kuna nani anayefundisha "ba" na "ta"? Atapata aibu mpya na masomo yaleyale asiyoweza kuyasoma. Na ule mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, KPSEA, haumzuii mtoto kwenda Gredi ya 7. Nimeona wazazi wanaugua kwa ajili ya mtihani huo kana kwamba ni ile KCPE ya zamani.

Kwa nyanya yake Kakamega ni swali gumu zaidi, na jibu langu lina masharti. Kule kuna chakula na pengine utulivu. Lakini ukimhamisha tena, unaikata kamba mara nyingine: shule mpya, mwalimu asiyejua historia yake, na moyoni mwake somo moja tu, kwamba mambo yakiwa magumu yeye ndiye anayeondolewa. Kama leo nyumbani mnakula, hata kama ni kidogo, abaki. Kama kuna siku mnalala njaa kila wiki, au fimbo ya baba haikomi, basi nyanya ni jibu halali, ila aende likizo inapoanza, akijua tarehe ya kurudi, na wewe ukimpigia simu siku ileile kila wiki.

Nimefika kwenye chapati.

Usiseme wizi. Usiseme uchoyo. Akiwa na miaka sita au saba mwili wake ulijifunza kwamba chakula kinaweza kukoma bila taarifa. Kichwa chake cha miaka 12 kinajua leo kuna ugali. Mwili wake bado uko Aprili 2020. Sehemu ya ubongo inayolinda uhai haisomi kalenda, na ikishajifunza hatari inapenda kukosea upande wa kuogopa. Watu wazima waliopitia njaa wanafanya vivyo hivyo, ila wao wana kabati, hakuna anayewaona.

Mtafutie mkebe wenye kifuniko, uwe wake. Jioni weka humo kitu kisichooza, njugu kidogo, kipande cha muhogo mkavu, hata kama ni kiganja kimoja. Mwambie hiki ni chako, hakuna atakayekigusa, ukikila leo kesho nitaweka kingine. Usiukague. Mara nyingi mtoto hujaza mkebe wiki za kwanza, halafu siku moja unakuta ameusahau. Pia mwambie kwa sauti, kabla hajalala, kesho atakula nini na wapi, hata kama habari si nzuri: "Asubuhi ni chai tupu, saa sita utakula shule." Kama shule yake iko kwenye Dishi na County, ule mpango wa chakula cha shule wa Kaunti ya Nairobi, mzazi huchangia shilingi tano kwa sahani, na mtoto hulipia kwa kile kikuku cha mkononi. Hakikisha kikuku kina pesa kabla ya wiki kuanza. Kwako ni shilingi ishirini na tano. Kwake ni siku tano asizohitaji kuficha kitu.

Tumbo la jioni nalo ni tumbo kweli, haigizi. Mtu akiogopa, damu na nguvu huondoka tumboni, misuli ya utumbo inakaza. Wewe mwenyewe unajua tumbo lako linavyofanya keretaka wa nyumba akibisha mlango kudai kodi. Wataalamu wenye nyumba za vyumba vingi watakushauri msiongee pesa mbele ya watoto. Nyumba ya futi kumi kwa kumi mtaongelea wapi? Mkinong'ona ndiyo anaogopa zaidi, maana anajazia mwenyewe maneno asiyoyasikia. Afadhali sentensi moja ya kweli: "Kodi tumechelewa, nimeongea na keretaka, tutalipa nusu Ijumaa. Hiyo kazi ni yangu na baba, yako ni kusoma." Wakati huohuo mpeleke kituo cha afya apimwe minyoo na mkojo, kwa sababu hofu na minyoo vinaweza kukaa tumbo moja. Maumivu yakimwamsha usiku, akitapika, akipungua uzito au ukiona damu kwenye choo, usingoje jioni nyingine.

Baba yake sitaki kumsema vibaya. Mjengo ulipofungwa naye alipoteza kitu ambacho hakuna aliyemuuliza. Lakini fimbo haifundishi silabi. Mtoto anayetarajia kipigo hutumia akili yote kulinda mgongo, na akili hiyohiyo ndiyo inayounganisha "ba" na "ta". Kila kiboko kinamrudisha nyuma kwenye ukurasa uleule. Badala ya kumwambia tu aache, mpe kazi. Jumapili watoke wawili watembee hadi barabarani, kijana amsomee mabango: Kinyozi, Maji Safi, Chai Mandazi, majina ya matatu. Akikosea waendelee na safari. Baba mmoja aliniambia hiyo ndiyo mara ya kwanza alitembea na mwanawe bila kumtuma dukani.

Kuhusu mpox, kijana hana upuuzi. Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza Julai 31, 2024, aliyepatikana mpakani Taveta. Unaenea zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mgonjwa mwenye vidonda, si hewani kama ilivyokuwa korona, na shule hazikufungwa kwa sababu yake. Lakini miezi mitatu tu kabla ya hapo shule zilikuwa zimechelewa kufunguliwa, kutoka Aprili 29 hadi Mei 13, kwa sababu ya mafuriko, na mto uliofurika ni huo unaopita kwenu. Usimwahidi kwamba hazitafungwa tena. Hatakuamini, na atakuwa na haki. Mwambie mpango: zikifungwa, vitabu vyetu ni hivi, tutasoma jioni kama sasa, na wewe hutahama bila sisi kuongea kwanza. Kama una chama cha akiba, ongea na wenzako kuhusu kuweka kando fungu dogo la dharura lisiloguswa kwa mikopo ya kawaida. Mwaka ule vikundi vingi vilivunjika kwa sababu wote walihitaji pesa siku moja na hakuna aliyekuwa amepanga nani apewe kwanza.

Jambo dogo ambalo hukuuliza: msichana. Kama alikuwa na mwaka mmoja na nusu hivi katikati ya 2020, dozi ya pili ya surua iliangukia miezi ambayo akina mama wengi waliogopa kliniki. Tafuta kile kijitabu chake. Kama hapo pako wazi, mpeleke, au mwulize mhamasishaji wa afya wa mtaa wenu. Nesi hatakugombeza, na akikugombeza bado chanjo ni ya mtoto.

Sasa, ni wakati gani barua kama hii haitoshi? Nataka mtu ampime kijana macho na masikio hata kabla hujaanza silabi. Nimewahi kumfundisha mtoto wiki tano kabla ya kugundua haoni ubao. Mwanao ananakili vizuri, kwa hiyo macho ya mbali huenda ni mazima, lakini masikio sijui. Mtoto aliyewahi kutokwa na usaha sikioni anaweza kuwa hatofautishi "pa" na "ba".

Ukifanya dakika ishirini kwa miezi mitatu, kweli kila siku, na bado anasahau leo silabi alizozijua jana, au anageuza herufi na kuchanganya mpangilio wake, huenda kuna tatizo la kujifunza ambalo korona ililifunika tu. Hapo omba shule ikuandikie barua ya kwenda kituo cha tathmini cha kaunti ndogo, walimu hukiita EARC, au uende moja kwa moja taasisi ya elimu maalum, KISE, iliyoko Kasarani, wanakopima watoto wa aina hii. Kutoka kwenu ni matatu moja ya Thika Road.

Na kuna mambo ya kutongojea miezi mitatu. Akianza kukojoa kitandani baada ya kuacha, akimwogopa mtu fulani, akijiumiza, akisema afadhali afe, au ukimkuta ana alama mwilini asizoeleza. Mwulize pia kwa upole, siku moja mkitembea bila kutazamana, maisha yalikuwaje kule ushago: alilala na nani, nani alikuwa mkali, kuna kitu hakukipenda. Simshuku mamako. Ila shule zilipofungwa watoto wengi walikaa miezi bila mtu mzima wa nje wa kuwaona, na wengine waliumizwa na majirani au jamaa. Akikuambia jambo, usilie mbele yake na usimwulize kwa nini hakusema. Piga 116, simu ya watoto, ni bure usiku na mchana. Kliniki ya afya ya akili iko Hospitali ya Mathari hapo kando ya barabara. Najua watu wakisikia Mathari wanafikiria vichaa. Wanahudumia watoto pia, na mtoto anayeogopa si kichaa.

Ukienda EARC au KISE, beba daftari zake mbili, moja ya mwaka huu na moja ya zamani kama panya hawajaila, cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki, na ile karatasi ya silabi mliyoandika siku ya kwanza, yenye tarehe.